Unapomuuliza Mtu "Wewe ni Nani?": Hotuba kwa Walimu, Makarani wa Sensa na Maafisa Usajili

Ndugu Mwenyekiti, walimu, makarani, maafisa usajili, wazazi na vijana mliokuja kutusikiliza: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari zenu za asubuhi.

Mada niliyopewa ni jinsi jamii inavyomjenga mtu mpaka akajijua kuwa yeye ni fulani. Ni mada pana, na nisipoibana itanitoroka. Kwa hiyo nitaishika sehemu moja tu, ile inayopita mikononi mwenu: pale mwenye kalamu anapomuuliza mwenzake wewe ni nani, jibu likaandikwa, na maisha ya watu yakaanza kufuata kilichoandikwa.

Tumezoea kudhani kwamba swali hilo huchota tu kilichokuwamo ndani ya mtu. Historia ya ukanda wetu inaonyesha vingine. Swali likija na orodha fupi ya majibu, kila jibu likaambatana na faida au hasara, na karatasi yake ikarithiwa na watoto, basi swali hilo humtengeneza anayeulizwa. Kizazi kimoja kinatosha. Wajukuu wanalikuta jina limeshakauka, wanaamini lilikuwapo tangu enzi na enzi.

Lakini kalamu haimkuti mtu akiwa mtupu. Nyumbani kazi imeshaanza. Kwa desturi ya Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Wasichana nao hufuata mabibi kwa mpangilio huohuo. Ndiyo maana mzazi anaweza kumwita mwanawe mchanga "baba", na mtoto akakua akijua kuna mtu mzima ambaye yeye amebeba nafasi yake. Kwa Waluo, Otieno amezaliwa usiku, Okoth amezaliwa mvua ikinyesha. Usukumani na Unyamwezini pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija, mtoto ambaye hata akizeeka jina lake litaendelea kuwataja waliomtangulia. Mwanamke naye akishajifungua mara ya kwanza, mtaa mzima unamgeuza Mama Asha. Kliniki ana jina la kwenye kadi, kwa wakwe ni wifi kwa hawa na shemeji kwa wale, kwao bado ana jina la utotoni ambalo huenda mumewe halijui.

Hakuna jina la uongo hapo. Mchaga ukimkuta Dar es Salaam ukamuuliza kwao, atakwambia Kilimanjaro. Mwulize swali hilohilo mkiwa Moshi mjini, atasema Machame au Rombo. Mfuate hadi Machame, atataja kijiji na ukoo. Jibu linahama kwa sababu muulizaji anahama, na kila mmoja wetu ana akili ya kujua ni jibu gani linafaa wapi. Kalamu haina akili hiyo. Inataka neno moja, liwe lilelile leo na miaka ishirini ijayo.

Na huyo Mchaga mwenyewe ni mfano mzuri. Karne ya 19 mlima Kilimanjaro ulikuwa na milki nyingi, Machame, Kibosho, Marangu, Moshi, Rombo na nyinginezo, kila moja na mangi wake, yaani mtawala wake, na zilikuwa zikipigana. Mtu wa Kibosho hakuwa na sababu ya kumwona mtu wa Machame kuwa ndugu. Kilichowaunganisha kwa kiasi kikubwa ni kahawa. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha wapandaji, mwaka 1933 kikafuatwa na chama cha ushirika cha KNCU, mazao yakauzwa pamoja na bei ikapiganiwa pamoja. Utawala wa Waingereza nao ulitaka kila mwananchi awe na kabila, na kila kabila liwe na kiongozi wa kuzungumza naye, kwa sababu kodi ilikusanywa kwa njia hiyo na mahakama za wenyeji ziliendeshwa kwa njia hiyo. Mwaka 1952 akasimikwa Mangi Mkuu, Thomas Marealle, mmoja kwa mlima mzima. Kufikia hapo Uchaga ulikuwa na soko, ofisi na kiti.

Kenya mambo yalikwenda vivyo hivyo. Nandi, Kipsigis, Tugen, Keiyo, Marakwet, Pokot, Sabaot na Terik walianza kujiita Wakalenjin katika miaka ya 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kupitia matangazo ya redio na vijana wasomi waliokutana shuleni na kugundua kwamba wanaelewana. Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana na Wakauma walikuwa wakiitwa Wanyika na watu wa nje, jina wasilolipenda. Jina la Wamijikenda lilishika mizizi miaka hiyohiyo ya 1940. Waluhya nao walijikusanya chini ya jina moja katika kipindi kinachokaribiana na hicho.

Nataka nieleweke vizuri hapa, maana wapo wanaosikia habari hizi wakakimbilia kusema makabila ni uzushi wa mkoloni. Sikubaliani nao. Kaya za Mijikenda, misitu ile ya mababu iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, zilikuwapo kabla Mwingereza hajafika. Lugha zilikuwapo, ndoa zilikuwapo, mizimu ilikuwapo. Kilichobadilika ni ukubwa wa duara na ugumu wa ukuta wake. Jina jipya si jina la uongo. Ila mtu anayejua kwamba babu yake alishiriki kulichagua jina atalishika kwa namna tofauti na mtu aliyeaminishwa kwamba lilishuka nalo kutoka mbinguni.

Sasa tuangalie kinachotokea faida inapofungamanishwa na jibu. Zanzibar, sensa ya mwaka 1924 iliandika makumi ya maelfu ya watu kuwa Waswahili. Sensa ya 1931 ikakuta waliojiandika hivyo ni kama elfu mbili tu. Hapakuwa na tauni wala uhamaji wa kueleza pengo hilo. Watu walikuwa palepale, mitaa ileile, misikiti ileile. Jina la Mswahili lilikuwa limehusishwa na wazao wa watumwa, na kila aliyeweza kusimama mahali pengine penye heshima zaidi alisimama huko. Waliojiandika Waarabu wakakaribia kuwa mara mbili ya walivyokuwa, na wengine wengi wakajiandika kwa majina ya asili zao za visiwani au za bara. Vita Kuu ya Pili ilipoleta mgao wa chakula, mambo yakawa magumu zaidi. Mgao ulipangwa kwa kufuata asili: waliohesabiwa Waarabu na Waasia walipangiwa mchele, waliohesabiwa Waafrika wakaelekezwa kwenye nafaka nyingine. Fikirieni mzee wa kisiwani aliyekula wali tangu anazaliwa, anasimama mbele ya karani, na neno moja litakaloandikwa ndilo litakaloamua chungu cha nyumbani kwake kitapika nini. Madai ya Ushirazi, yaani kwamba mtu ana asili ya Shiraz huko Uajemi, yalipata nguvu katika mazingira hayo. Miaka michache baadaye vyama vya siasa vikagawanyika kwenye mistari hiyohiyo, na tunajua Januari 1964 ilileta nini.

Rwanda ndiko kalamu ilikofanya kazi mbaya kuliko kote. Kabla ya wakoloni, Mhutu, Mtutsi na Mtwa walikuwapo kama majina ya watu, yakifungamana na mali, kazi na ukaribu na ikulu ya mwami, yaani mfalme. Lakini koo, kama Abanyiginya, Abega, Abasinga na Abazigaba, zilikata katikati ya makundi hayo. Mlikuwa na Wahutu na Watutsi wa ukoo mmoja. Mtu aliyepata ng'ombe na hadhi aliweza, yeye au wanawe, kuvuka. Kulikuwa hata na neno la kuvuka huko: kwihutura. Wabelgiji walipofanya sensa ya 1933 na 1934 wakampa kila mtu mzima kitambulisho, na kundi lake likaandikwa ndani. Tangu hapo mtoto alirithi alichoandikiwa baba. Mlango wa kuvuka ukafungwa kwa wino.

Kitambulisho hicho kiliendelea kutolewa baada ya uhuru. Kitazameni kwa karibu. Kwenye ukurasa wenye picha kulikuwa na mstari wa ubwoko, yaani kabila, na mbele yake maneno manne yaliyochapwa tayari: Hutu, Tutsi, Twa, na neno la aliyepewa uraia. Karani hakuandika kitu. Alikata matatu kwa kalamu, akaacha moja. Mistari mitatu midogo, dakika isiyofika, na foleni inaendelea. Mwaka 1994, kuanzia Aprili, watu walisimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani wakaambiwa watoe karatasi hiyo, na mwenye panga alitafuta neno ambalo halikukatwa. Wauaji ni wauaji, na dhambi yao ni yao. Lakini walirahisishiwa kazi na makarani wa miaka sitini ambao kila mmoja wao, akiulizwa, angesema alikuwa anajaza fomu tu. Vitambulisho vya Rwanda vilivyofuata havina mstari huo.

Kwetu Kenya karatasi iliumiza kwa njia nyingine. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya vita ile ya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara wake, ndani ya kikasha cha chuma kinachoning'inia shingoni. Kilichomuumiza mtu mzima ni kutembea na kengele ya kumtangaza kuwa yeye ni kibarua wa fulani. Kipande kiliondoka, ila wazo lake lilibaki: kwamba huwezi kuwa wa hapa mpaka kuwe na kundi la hapa linalokukubali.

Wamakonde walioletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya pwani waliishi Kwale vizazi kwa vizazi bila kundi hilo. Mtu anaposikia "hana kitambulisho" huwaza kura tu. Hebu tutembee naye siku moja. Hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo hana M-Pesa yake. Mshahara unapita kwenye simu ya jirani, na jirani ana siku zake. Hawezi kufungua akaunti wala kuandikisha shamba. Akikutana na askari njiani, maelezo yake hayana kitu cha kuyashika. Wapo walioamua kujiandikisha kwa majina ya makabila jirani, na mtoto wao akakua na nafsi mbili, moja ya shuleni na moja ya nyumbani, akiogopa ile ya nyumbani isije ikasikika. Oktoba 2016 Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi, wakafika Ikulu, na serikali ikaamuru wapewe vitambulisho. Mwaka 2017 wakatangazwa kabila la 43. Washona, ambao wazazi wao walikuja kutoka Zimbabwe kama wahubiri mwanzoni mwa miaka ya 1960, walitambuliwa Desemba 2020. Wapemba wa pwani ya Kenya walifuata mwaka 2023.

Nafurahi kwa ajili yao wote, na bado nasema kuna kasoro. Mbona uraia ulipitia mlango wa kabila? Mmakonde alihitaji kuwa kabila la 43 ndipo awe Mkenya. Ujumbe anaoupata mtoto ni kwamba hakuna njia ya kuwa wa hapa peke yako, ila kwa kuhesabiwa pamoja na kundi. Wanubi, ambao babu zao walikuwa askari wa jeshi la Waingereza kutoka Sudan na wakakaa Kibera, walilijua hilo kwa uchungu. Kijana wa Kinubi akifika miaka 18 hakutosheka na cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi kama mwenzake wa Nyeri. Aliitwa mbele ya kamati ya uhakiki, wazee na maafisa, akaulizwa maswali ya babu yake. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi. Wasomali wa Kenya walipitia uhakiki wa mwaka 1989 na kadi zake za rangi ya waridi. Februari 2025, Wajir, rais alitia saini tamko la kuondoa uhakiki huo wa ziada kwa vijana wa kaskazini. Maafisa usajili mliomo humu, tamko limeshatiwa saini. Sasa kazi iko kaunta.

Kijana aliyehojiwa peke yake kati ya wenzake hutoka pale na kitu zaidi ya kuchelewa. Ametoka na elimu. Amefundishwa kwamba kuna Wakenya wa kuaminiwa na Wakenya wa kupimwa, na yeye ni wa kupimwa.

Walimu mtauliza, hilo linatuhusu vipi sisi ambao hatutoi vitambulisho? Linawahusu kuliko mtu yeyote, kwa sababu darasani ndipo mtoto hupangwa mara nyingi zaidi kwa siku. Nitataja majaribio mawili. Henri Tajfel, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Bristol, Uingereza, alichapisha mwaka 1970 matokeo ya jaribio na wavulana wa miaka 14 na 15. Aliwaonyesha nukta nyingi ukutani, wakakisia idadi, kisha wakaambiwa wengine wamezidisha na wengine wamepunguza. Ukweli ni kwamba waligawanywa kwa bahati nasibu. Hawakuonana ndani ya kundi, hawakuzungumza. Walipopewa nafasi ya kugawa fedha ndogondogo, waliwapendelea wa kundi lao, na jaribio lililofuata lilionyesha kwamba walikuwa radhi hata kundi lao lipate pungufu mradi lile jingine lipate pungufu zaidi. Kundi lililozaliwa dakika chache zilizopita tayari lilikuwa na adui.

Jaribio la pili ndilo ningependa mwalimu mkuu alibandike ofisini. Karla Hoff na Priyanka Pandey, katika vijiji vya Uttar Pradesh, India, waliwapa wavulana wa darasa la sita na la saba karatasi za mizingile, ile michezo ya kutafuta njia kwa penseli, na malipo kwa kila mzingile uliopatikana. Tabaka lisipotajwa, wavulana wa matabaka ya chini walifanya vizuri sawa na wa matabaka ya juu. Jina la ukoo na tabaka lilipotangazwa mbele ya wenzao kabla ya kuanza, wale wa matabaka ya chini walishuka kwa takriban robo. Akili zilikuwa zilezile, penseli zilezile, chumba kilekile. Kilichoongezeka ni sauti ya mtu mzima ikisoma orodha.

Basi tazameni ratiba yetu ya asubuhi. Majina ya ambao hawajalipa ada au michango yanasomwa mstarini. Watoto wa chakula cha msaada wanaitwa wasimame. Aliyesema lugha ya mama anavishwa kibao shingoni, na shule zinazofanya hivyo bado zipo. Mtoto wa jamii ya wafugaji anaulizwa mbele ya darasa kama kwao kuna choo. Kisha tunawapa mtihani wa hesabu. Cha kufanya ni rahisi na hakina gharama: orodha za madeni na misaada zipitie kwa mzazi, kwa karatasi iliyofungwa au kwa simu, takwimu za dini na asili, kama wizara inazitaka, zichukuliwe kwenye fomu ya kujiunga wakati mzazi yupo, wala zisichukuliwe kwa kunyoosha mikono, vikundi vya kazi vipangwe kwa kuhesabu moja hadi nne na vivunjwe kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa sababu kundi linalokaa muhula mzima huanza kujipa sifa. Na jina la mtoto litamkwe kama anavyolitamka mama yake. Mwalimu anayelikata jina refu kwa sababu ulimi wake hautaki, amemfundisha mtoto kwamba nafsi yake ni mzigo.

Kuna wenzetu watakaosema dawa ni kunyamaza, tusiulize kabisa, na wataitolea mfano Tanzania. Mfano una uzito. Sensa ya mwisho ya Tanzania Bara kuuliza kabila ilikuwa ya 1967. Ile ya Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120 Bara na Zanzibar, haikuuliza kabila wala dini. Mamlaka ya machifu yaliondolewa mwaka 1963, wanafunzi wa sekondari wakapelekwa kusoma mikoa ya mbali na kwao, vijana wakakutana katika Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Kiswahili kikafundishia shule za msingi, na sheria ya vyama ya 1992 ikakataza chama cha kabila au dini. Mwaka 2004 mchumi Edward Miguel alilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Upande wa Kenya, maeneo yenye mchanganyiko wa makabila yalichangia shule zake kidogo kuliko yasiyo na mchanganyiko. Upande wa Tanzania mchanganyiko haukupunguza kitu. Na makabila hayakufa Tanzania. Mzaramo na Mnyamwezi bado wana utani wao, mpaka msibani mtani anakuja kuzuia jeneza adai chake, na hakuna anayekasirika.

Ila kunyamaza nako kuna gharama. Nchi isiyouliza haiwezi kueleza kwa takwimu ni watoto wangapi wa Kihadzabe, kandokando ya Ziwa Eyasi, wanaomaliza darasa la saba. Anayebaguliwa bila kuhesabiwa hana ushahidi wa kupeleka popote. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tuulize pale tu ambapo jibu litatumika kumfaa anayeulizwa, tuwe tumeshajua litatumika vipi kabla fomu haijachapwa, na lisiandikwe kwenye kadi ambayo mtu anatembea nayo. Takwimu ikae kwenye takwimu.

Na pale tunapouliza, kuna namna ya kuuliza. Makarani, hapa naomba mnisikilize kwa makini. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu sensa unasema asili ya mtu hutajwa na mtu mwenyewe. Maana yake mlangoni ni hii. Usisome orodha ya majina ya makundi. Soma swali kama lilivyoandikwa, nyamaza, subiri. Jina la kwanza kusomwa huvuta jibu, hasa kwa mtu mwenye haraka au mwenye hofu. Usijaze kwa kutazama sura, mavazi wala jina. Kwenye nyumba moja Kisumu unaweza kumkuta Wanjiru na wanawe wanaoitwa Otieno, na ukijaza kwa majina utakuwa umeigawa familia kwa mawazo yako. Mkuu wa kaya asimjibie mtu mzima aliyepo nyumbani. Kosa hili ni la kila sensa, kwa kuwa linaokoa dakika tano: mzee anajibu kwa niaba ya wake, wakwe na wapangaji, na wote wanageuka kuwa wa kabila lake. Mtoto wa wazazi wa asili mbili, waulize wazazi wote wawili. Fomu ikiruhusu majibu mawili, andika mawili, na ikiruhusu moja, andika walilokubaliana, wala usiwapendekezee la baba.

Mtu akikataa kutaja, akasema yeye ni Mkenya basi, usibishane. Katika sensa ya Kenya ya 2009 zaidi ya watu 600,000 walijibu hivyo na wakahesabiwa hivyo. Vivyo hivyo kwa jinsia: sensa ya 2019 ndiyo ya kwanza Kenya kuhesabu watu wenye jinsia mbili, ikawapata 1,524. Idadi ni ndogo, na huenda sehemu ya udogo huo imetokana na karani aliyeona haya kuuliza akajaza mwenyewe.

Maafisa usajili, tahajia ya jina ni ya mwenye jina. Mwombe akuonyeshe linavyoandikwa kwenye cheti alicho nacho. Kama hajui kuandika, litamke silabi kwa silabi mpaka akubali, kisha msomee mstari mzima kabla hajatia dole gumba. Herufi moja ikikosewa kwenye kitambulisho na ikawa sahihi kwenye cheti cha shule, mtu huyo ameshakuwa watu wawili mbele ya benki na mbele ya mahakama, na kurekebisha kutamgharimu kiapo, nauli na siku za kazi ambazo hana.

Lililobaki ni kisanduku cha mwisho kwenye orodha, kile cha "Nyingine". Karani aliyechoka hutia alama pale akaendelea na nyumba inayofuata. Usifanye hivyo. Andika kwa herufi kubwa jina lilelile alilolitaja mtu, hata kama hujawahi kulisikia, hata kama msimamizi wako anasema halipo. Ukiacha kisanduku kitupu, ofisi ya takwimu haitakuwa na kitu cha kuhesabu. Kisipohesabiwa hakitapewa namba ya utambulisho. Na sensa ijayo mtu huyo ataulizwa tena, orodha itatafutwa tena, na hatakuwamo kwa sababu mara ya kwanza hakuandikwa. Wanubi walikaa ndani ya "Wengineo" kwa miongo mingi. Sensa ya 2009 ilipowapa namba yao, wakaonekana kuwa zaidi ya watu 15,000.

Asanteni kwa kunisikiliza. Naona mikono imeshainuka kule nyuma; tuanze na maswali ya makarani.